MOMBASA MPYA YA MWAKA 2552: MBONA MASHABIKI WA HALO HAWARIDHIKI?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Nina jambo la kuwaeleza, na naomba mnipe masikio.

Mgeni akikuuliza Kinango iko wapi, utamjibu kwamba ni bara kidogo kutoka Kwale mjini, kwenye njia ya kwenda Mariakani. Utamweleza pia kwamba kaunti ndogo yetu ni pana, inapanda mpaka barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, kule Samburu, Taru na Mackinnon Road. Ukisonga mbele unaingia Taita Taveta, kisha Voi hiyo hapo. Sasa je, unajua kwamba kuna vijana wengi sana huko Marekani, Ulaya na Japani ambao hawajawahi kukanyaga Pwani, lakini wamepigana vita vya kuokoa dunia nzima kwenye barabara hiyo hiyo yetu?

Usiniite mwongo. Vita hivyo vimo ndani ya gemu iitwayo Halo. Na leo sitaki kuisifu tu hiyo gemu. Nataka kueleza kwa nini watu wanaoipenda ndio hao hao wanaoilalamikia kila mwaka, na kwa nini sisi wa huku tuna lalamiko letu ambalo wengine hawana.

HALO NI NINI?

Wengi wetu tukisikia gemu tunafikiria mpira wa PlayStation kwenye mabanda ya sokoni. Halo ni nyingine. Ilitengenezwa na kampuni ya Bungie ya Marekani, ikatoka mwaka 2001 kwa mashine ya Xbox ya Microsoft, na kwa miaka mingi haikutolewa kwa PlayStation, ndiyo maana huku ni wachache walioiona. Mimi nimeicheza likizoni kwa kompyuta ya binamu yangu anayekaa Mombasa, ambapo gemu za zamani zimewekwa pamoja kwenye mkusanyiko mmoja.

Hadithi yake ni bunilizi ya kisayansi. Tuko karne ya 26. Binadamu wamesambaa sayari nyingi. Ghafla wanavamiwa na Covenant, muungano wa viumbe wa sayari mbalimbali waliofungwa pamoja na dini moja. Viumbe hao wanaabudu masalio ya Forerunner, watu wa kale waliotoweka kiasi cha miaka 100,000 iliyopita. Halo yenyewe ni pete kubwa mno inayoelea angani, na upande wake wa ndani kuna ardhi, bahari na milima. Covenant wanaamini pete hizo ni njia ya wokovu. Kumbe ni silaha! Zikiwashwa zinaua kila kiumbe mwenye akili, ili vimelea waitwao Flood wakose cha kula na wafe njaa.

Shujaa ni askari aitwaye Master Chief, ambaye alichukuliwa kwao akiwa mtoto mdogo akafunzwa vita. Mwenzake ni Cortana, akili bandia inayokaa ndani ya kofia yake na kumshauri. Basi hao wawili ndio uti wa mgongo wa hadithi.

Nyuma ya hadithi hiyo kuna mambo mengi ambayo mchezaji haoni moja kwa moja: nani alianza vita, sayari gani iko wapi, pete zilijengwa na nani, mwaka gani palitokea nini. Katika fasihi simulizi mwalimu ametufundisha visasili na mighani, yaani hadithi za asili ya vitu na za mashujaa. Basi hebu tuseme kila gemu kubwa ya aina hii ina visasili vyake. Vimeandikwa katika vitabu, katuni, filamu na gemu zenyewe. Mashabiki wanavisoma kama sisi tunavyosoma seti za mtihani, na wengine wanavijua kwa tarehe.

SISI TUNAINGIA WAPI?

Mwaka 2004 ilitoka Halo 2. Humo Covenant wanafika duniani, na katika miji yote ya dunia wanashukia Mombasa. Ndiyo, Mombasa yetu. Mchezaji anaanzia vichochoro vya mji wa kale, kisha anavuka daraja refu kuingia kisiwani kwenye jiji la maghorofa liitwalo New Mombasa, yaani Mombasa Mpya. Kulikuwa pia na uwanja wa mapambano ulioitwa Zanzibar, wenye ufuo na gurudumu kubwa la upepo.

Mwaka 2007 ikaja Halo 3. Hapa vita vinahamia bara. Kuna hatua nzima inayoitwa Tsavo Highway, ambapo askari wanapigana barabarani kuelekea Voi. Karibu na Voi, Covenant wanafukua mlango mkubwa wa Forerunner uliofukiwa ardhini, na kupitia mlango huo watu wanasafiri mpaka nje kabisa ya kundi letu la nyota. Voi, jamani! Pale tunaposhuka kununua ndizi.

Mwaka 2009 ikatoka Halo 3: ODST, ambayo karibu yote ni Mombasa Mpya. Hatua zake zina majina ambayo Mpwani yeyote atatabasamu akiyasikia: Kizingo Boulevard, Kikowani Station, Tayari Plaza. Kizingo na Kikowani ni mitaa ya kweli kisiwani Mombasa, kwa hiyo mtu alikaa chini akafungua ramani. Hiyo Tayari Plaza sijui nani alikuwa tayari kwa nini, lakini tumwachie.

Na pale mjini kuna lifti ya angani, mnara wa kamba unaotoka ardhini hadi nje ya hewa ya dunia, wa kupandishia mizigo bila roketi. Wanasayansi hulizungumzia wazo hili kwa dhati. Kamba ya namna hiyo ingebidi ipite urefu wa kilomita 36,000 hivi, mahali ambapo setilaiti huzunguka sawasawa na dunia na kuonekana kama zimesimama, na mguu wake ungefaa uwe karibu na ikweta. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta. Tena hili si geni kwetu. Karibu na Malindi, huko Ngomeni, Waitaliano walijenga jukwaa la San Marco baharini wakarusha setilaiti kutoka hapo kuanzia mwaka 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri yetu ikisherehekea, ilirushwa hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei angani, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kwa hiyo Pwani yetu kuwa mlango wa angani si ndoto tupu.

Katika hadithi lifti hiyo inaanguka vitani. Ukifika Tsavo katika Halo 3 unaviona vipande vyake vimetapakaa nyikani. Sasa chukua ramani yako ya Jiografia. Kutoka Mombasa hadi Voi ni kama kilomita 150. Katikati pana nini? Mariakani, Samburu, Taru, Mackinnon Road. Yaani ni sisi! Kama chuma kilianguka kutoka Mombasa kikafika Tsavo, kilipita juu ya vichwa vya wajukuu wa vitukuu vyetu. Je, gemu inasema nini kuhusu watu hao? Ngoja, nitarudi hapo.

MALALAMIKO YA MASHABIKI

Nimesoma na kusikiliza manung'uniko mengi ya mashabiki, nikayapanga mafungu manne.

Kwanza, ahadi zisizotimizwa. Kabla ya Halo 2 kutoka, Bungie walionyesha mwaka 2003 kipande kikali cha vita ndani ya Mombasa Mpya. Watu wakaamini gemu nzima ni kuitetea dunia. Ilipotoka, hatua za huku zilikuwa mwanzoni tu, halafu hadithi ikaruka angani ikaishia katikati, Master Chief akiwa ndiyo kwanza anarudi nyumbani kumaliza vita. Watu walingoja miaka mitatu. Tena mwaka 2015 matangazo ya Halo 5 yalionyesha kwamba Master Chief amekuwa mtoro na anawindwa na askari mwenzake, Locke. Ukicheza, uwindaji wenyewe ni ngumi za dakika chache, na katika hatua 15 unakuwa Master Chief katika 3 tu. Ni kama kualikwa pilau ukaletewa sahani ya kachumbari.

Pili, hadithi kujipinga. Mwaka 2001 mwandishi Eric Nylund alitoa kitabu cha The Fall of Reach, kuhusu kuanguka kwa sayari ya Reach. Humo sayari inaangamia kwa kishindo cha siku moja, tarehe 30 Agosti 2552, na merikebu ya Pillar of Autumn iko juu angani. Mwaka 2010 ikatoka gemu ya Halo: Reach. Mle vita vinachukua wiki kadhaa kuanzia Julai, na merikebu ile ile iko chini imeegeshwa ikingoja. Sasa shabiki aliyekisoma kitabu kwa miaka tisa ashike lipi? Kubwa zaidi ni suala la Forerunner. Katika Halo 3 roboti mmoja anamwambia Master Chief kwamba yeye ni Forerunner, yaani binadamu ndio watoto wa wale waliojenga pete. Wengi walilipenda jibu hilo. Baadaye, katika vitabu vya Greg Bear kuanzia 2011 na katika Halo 4 ya mwaka 2012, ikawa Forerunner ni viumbe tofauti kabisa, tena waliwahi kupigana na binadamu wa kale. Fumbo lililokuwa linafunguka likafungwa tena na kufuli jipya.

Tatu, hadithi kufichwa nje ya gemu. Halo 4, iliyotengenezwa na kampuni mpya ya 343 Industries, ilileta adui aitwaye Didact. Anatokea, anaunguruma, na mchezaji wa kawaida haelewi ana hasira gani. Maelezo yamo katika vitabu vitatu vya Greg Bear na katika video ambazo hata ukizigundua ndani ya gemu, ilibidi uende kuzitazama kwingine. Kisha, badala ya mwisho wake kuonyeshwa katika gemu iliyofuata, ukamalizwa mwaka 2014 ndani ya katuni. Vivyo hivyo na Halo Infinite ya mwaka 2021: Cortana aliyekuwa amegeuka adui mwishoni mwa Halo 5 ameshashindwa nyuma ya pazia, na Atriox anayempiga Master Chief mwanzoni alitoka katika gemu ya aina nyingine ya mwaka 2017. Ukikosa moja, umepotea.

Nne, kuvunja miiko. Katika gemu zote hatuonyeshwi sura ya Master Chief waziwazi. Mwaka 2022 ilipoanza tamthilia ya televisheni ya Halo, kipindi cha kwanza tu akavua kofia. Lo! Kelele zilizopigwa! Tamthilia ilimalizika mwaka 2024 baada ya misimu miwili.

Chanzo cha haya yote ukikitazama ni kimoja. Wahenga walisema, nahodha wengi, chombo huenda mrama. Hadithi ya Halo imepita mikononi mwa Bungie, kisha 343 Industries ambayo mwaka 2024 ilibadili jina ikawa Halo Studios, pamoja na waandishi wa vitabu, wachora katuni na watu wa televisheni. Kila nahodha alikamata usukani akaelekea kwake.

KWA NINI MTU AKASIRIKIE JAMBO LA KUBUNI?

Najua kuna anayesoma hapa akisema, "Ala! Ni gemu tu, mbona mtu ajipe presha?" Swali zuri. Jibu nalipata katika ngano.

Mtambaji akisema paukwa, tukajibu pakawa, tumefanya mapatano. Yeye atatudanganya na sisi tutakubali kudanganywa. Sungura atasema na fisi atavaa kanzu, hatutauliza mbona. Lakini mapatano yana sharti: mtambaji asivunje uwongo wake mwenyewe. Akisema jana fisi alikufa kisimani, leo asimlete fisi yule yule arusini bila maelezo. Hata mtoto wa darasa la pili atapaza sauti, "Si ulisema alikufa?" Mtoto huyo hakasiriki kwa kuwa fisi ni wa kweli. Anakasirika kwa kuwa aliamini, akakumbuka, na kumbukumbu yake imedharauliwa. Njia ya mwongo ni fupi, hata ya mwongo tunayempenda.

Lakini, mbona hatukasiriki tukisikia kisa cha Fumo Liyongo kikisimuliwa kwa namna mbili tatu? Mmoja anasema hivi, mwingine vile, na wataalamu hawakubaliani hata aliishi karne gani. Kwetu sisi Wamijikenda, wazee wanaeleza safari ya kutoka Singwaya, na kila kaya ina yake ya kuongeza. Hakuna anayeandamana. Kwa nini?

Nadhani ni kwa sababu hadithi hizo ni mali ya wote. Bibi yangu akisimulia tofauti na bibi yako, hakuna aliyekuuzia ile ya kwanza na kukuapia kwamba ndiyo ya pekee. Gemu ni mali ya kampuni. Kampuni ndiyo inasema, "Hii ndiyo hadithi rasmi, nunua." Ukishanunua kitabu, gemu na katuni, inakuja kusema, "Ile ya zamani sahau, sasa rasmi ni hii." Msikilizaji wa ngano anaweza kumrekebisha mtambaji pale pale kwenye jamvi. Mchezaji wa gemu hana jamvi. Anachobaki nacho ni kunung'unika.

LALAMIKO LETU SISI

Sasa nirudi kwenye lile nililowaambia mningoje. Manung'uniko yote niliyoyaeleza ni ya watu wanaouliza, "Mbona hadithi ya Master Chief haijakaa sawa?" Sisi tuna swali jingine: mbona nchi yetu imo, na sisi hatumo?

Tazama ODST. Mchezaji anatembea usiku katika Mombasa Mpya, mvua inanyesha, taa zinawaka, mitaa imebaki mitupu kwa sababu wakazi wamehamishwa ama wamekufa. Inapendeza na inatisha. Wale mashujaa sita unaowafuata, hakuna hata mmoja ambaye hadithi yake ni ya mwenyeji wa mji. Ipo familia moja ya mjini, binti aitwaye Sadie Endesha na babake Daktari Daniel Endesha, aliyehusika na akili bandia inayoendesha jiji. Kisa chao ni kizuri sana kuliko hata cha mashujaa, kwani kinaonyesha raia wakihangaika siku ya vita. Lakini kimewekwa wapi? Katika rekodi za sauti zilizotawanywa mitaani, ambazo mchezaji anaweza kuzipita zote na akamaliza gemu bila kujua Sadie aliishi. Na hilo jina! Endesha ni kitenzi, jamani. Ni sawa na mimi kuandika hadithi ya London na shujaa nimwite Bwana Drive. Mtu aliyefungua ramani akaipata Kikowani hakufungua kitabu cha majina ya watu.

Katika Halo 3 kule Voi wapo wafanyakazi wachache wa kiwandani, ila hadithi haiwafuati. Baadaye Flood wanatua Voi, na ili wasienee, merikebu za washirika zinachoma eneo hilo kutoka angani mpaka ardhi inageuka kama kioo. Jemadari wa binadamu analalamika kwamba nusu ya bara imeunguzwa. Nusu ya bara! Neno moja la hasira, kisha safari inaendelea. Mwishoni kuna kumbukumbu ya waliokufa kilimani, na ni sehemu ya kugusa moyo. Lakini nani alihesabu watu wa Taru? Nani alimtafuta mama aliyekuwa amekwenda kuteka maji bwawani Samburu siku hiyo?

Kuna na hili. Katika maelezo ya ulimwengu wa Halo, eneo letu mwaka 2552 linaitwa East African Protectorate. Mwanafunzi wa Historia hapo ameshashtuka. Hilo karibu ni jina lile lile ambalo Waingereza waliitumia nchi yetu kuanzia 1895 hadi 1920, kabla haijaitwa koloni la Kenya. Waandishi wametupeleka mbele miaka mia tano na kitu, wakatupa lifti ya angani, halafu wakatuvisha shati la ukoloni tulilolivua.

Mtu atasema nawaonea waandishi wa gemu. La hasha. Nawaonyesha tu kwamba wamefuata njia iliyokwisha kanyagwa. Mwaka 1898, reli ikijengwa kutoka Mombasa, simba wawili waliwala wafanyakazi pale Tsavo. Kanali Patterson aliyewaua akaandika kitabu mwaka 1907. Alihesabu Wahindi 28 walioliwa, na kuhusu Waafrika akasema ni wengi lakini hapakuwa na kumbukumbu rasmi iliyowekwa. Baadaye hesabu ikapanda hadi 135. Wataalamu waliochunguza mifupa na manyoya ya simba hao walio katika jumba la makumbusho huko Chicago, mwaka 2009 walikadiria kiasi cha watu 35. Hesabu ya simba tunayo, majina yao wa Tsavo yanajulikana dunia nzima, ngozi zao zimehifadhiwa. Majina ya Waafrika walioliwa yako wapi?

Tazama basi. Barabara ni ile ile, Tsavo ni ile ile. Mwaka 1898 wa kweli na mwaka 2552 wa kubuni, mahali pametajwa na watu hawakutajwa. Ndiyo maana nasema hili si suala la gemu tu. Asiyekuwapo na lake halipo. Ukiona nchi yako imefanywa uwanja wa vita vya wengine hadithini, jiulize wewe umesimama wapi katika picha.

TUFANYEJE?

Kulalamika ni haki, lakini kulalamika peke yake hakuandiki hata mstari mmoja. Wako Wakenya walioanza. Mwaka ule ule wa ODST, 2009, Wanuri Kahiu alitoa filamu fupi ya Pumzi, kuhusu Afrika Mashariki ya baadaye ambapo maji yamekwisha na watu wanaishi wamefungiwa ndani. Maji! Nani angeielewa filamu hiyo zaidi ya mtu wa Kinango anayejua ukame? Mwaka 2015 ikatoka Nairobi X, gemu iliyotengenezwa hapa Kenya na Black Division Games, ambapo askari Mkenya anapambana na viumbe wa sayari nyingine waliovamia Nairobi. Haikuwa na fedha za Microsoft, lakini aliyesimama mbele ni mtu wetu.

Sisi wa chama cha Kiswahili hatuna kompyuta za kutengeneza gemu, wala hatuhitaji. Visasili vinaanza kwa kalamu. Hebu nitoe maswali matano, na kila mmoja achague lake:

1. Kipande cha lifti ya angani kimeangukia nyika ya Taru usiku. Nani anakiona wa kwanza, na anamwambia nani?

2. Mombasa inahamishwa, na maelfu ya watu wanapanda kuja Kinango kwa miguu. Maji yatatoka wapi?

3. Wazee wanakataa askari wasiingie msitu wa Kaya Mtswakara, wakisema humo kuna jambo lisilofaa kuguswa. Je, wazee wanajua nini ambacho wanasayansi hawajui?

4. Kiumbe wa Covenant aliyejeruhiwa amejificha bomani kwa bibi mmoja. Watasemezana kwa lugha gani?

5. Vita vimekwisha. Umepewa kazi ya kuandika majina ya waliokufa kuanzia Mariakani hadi Mackinnon Road. Unaanzia mlango wa nani?

Swali la tano ndilo gumu, na ndilo ninalolipenda zaidi. Nawaomba wahariri watenge kurasa mwaka ujao kwa hadithi hizo. Ila tukumbuke mambo mawili tuliyojifunza kutoka kwa mashabiki wa Halo. Tupatane mapema tarehe na kanuni za ulimwengu wetu, tuziandike kwenye daftari moja, ili mwandishi wa kidato cha kwanza asimfufue aliyeuawa na wa kidato cha nne. Na tusifiche mambo ya maana mahali ambapo msomaji hatayakuta.

Wino unaniishia na nafasi niliyopewa ni ndogo. Kwa hayo machache nawaaga, nikingoja kusoma ya kwenu. Na majina ya watu, tafadhali, yawe ya watu: Mwanasiti, Chizi, Mbeyu, Nyamawi. Si Endesha.